Dar imejaa? Anayesema hivyo alishuka lini?

Nimepotea kidogo, mniwie radhi. Kazi za chumba cha habari zikikubana, hata muda wa kuandika ya moyoni unakosa. Leo nimeiba nafasi kwa sababu kuna jambo linanikera kwa wiki mbili sasa, na linanikera zaidi kwa kuwa na mimi nimo.

Ilikuwa jioni, stendi ya Mbezi. Wale wa Dar mnaijua saa hiyo. Mabasi ya mikoani yanaingia, watu wanashuka na mabegi, viroba vya mchele, ndoo za asali, kuku, na sisi tunaotoka kazini tunagombania daladala kwa mabega. Akapanda mama mmoja, mtoto mgongoni, kiroba mkononi. Anatoka Kigoma, amekaa kwenye basi muda mrefu, na miguu imemvimba. Akawa anauliza kama gari inafika Maili Moja. Konda akamjibu kwa sauti ya kusikika gari zima: "Inafika mama, lakini huo mzigo una nauli yake. Na nyie watu mbona hamuishi kuja? Mikoani mmemwachia nani? Mji umejaa huu!"

Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Yule mama hakusema kitu. Alitoa hela ya mzigo, akageukia dirishani. Mimi nikaendelea na simu yangu. Ilipofika Kibamba ndipo akili ikanirudia. Kwanza, mimi mwenyewe nilishuka pale pale Mbezi mwaka mmoja na nusu tu uliopita, nikitokea Songea, zaidi ya kilomita 900, na begi la kuazima. Pili, hilo daladala lilikuwa linaelekea Kibaha, yaani mkoa wa Pwani! Gari zima lililokuwa linamcheka mtu wa mikoani lilikuwa linarudi kulala mkoani.

Ningeishia hapo, lingekuwa jambo la kuchekesha tu. Lakini usiku ule ule mdogo wangu akapiga simu.

"Shikamoo kaka." Marahaba. Habari za nyumbani, mama hajambo, mvua imekuwa nzuri. Halafu akanyamaza kidogo, akasema: "Kaka, nataka nije huko." Wadau, mdomo wangu haukusita hata kidogo. "Dar imejaa, mdogo wangu. Tulia hapo hapo." Maneno ya konda, neno kwa neno, yametoka kinywani mwangu mimi. Akasema sawa kaka. Akakata simu.

Sikulala vizuri.

Nirudi nyuma kidogo ili mnielewe. Siku niliyofika, kitu cha kwanza kilichonitisha Dar si maghorofa wala foleni. Ni watu. Kwetu Songea mjini ukitembea robo saa unasalimia watu kumi. Hapa siku ya kwanza nilikuwa nasalimia kila ninayepishana naye kule Mbagala kwa mjomba, mpaka binamu yangu akanivuta shati: "Acha bwana, watakuona mshamba." Kariakoo ndiyo ilinimaliza. Nilisimama mtaa wa Kongo nikijiuliza hawa watu wote wanakula wapi, wanalala wapi, na nani alikuwa anawangoja walipofika. Mikokoteni, wapiga debe, mama lishe na masufuria kichwani, vijana wamebeba mashati kumi mkono mmoja. Nikajisemea, kama kuna mji umejaa duniani, ni huu.

Kwa mjomba nilikaa miezi minne. Nikahamia Kimara, chumba kimoja, kodi ya miezi sita mkupuo, na dalali naye akachukua kodi ya mwezi mzima kwa kunionyesha mlango. Kodi ilipopanda nikasogea Mbezi. Ilipopanda tena nikavuka mpaka, nikaja huku Maili Moja. Nikiulizwa na watu wa nyumbani nasema naishi Dar. Ukweli ni kwamba ninafanya kazi Dar na ninalala Pwani, kama kilomita 40 kutoka Posta. Karani wa sensa akija leo, hatanihesabu Dar.

Na hapo ndipo nilipoanza kuchimba, maana kazi yangu ni kuuliza. Je, ni kweli mji umejaa? Nikafungua matokeo ya sensa. Mwaka 2002 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu takriban milioni 2.5. Mwaka 2012 wakawa 4,364,541. Mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Kwa Tanzania nzima yenye watu 61,741,120, maana yake karibu watu 9 kati ya kila 100 wanaishi kwenye mkoa ambao haufiki hata robo ya asilimia moja ya eneo la nchi. Ni watu zaidi ya 3,800 kwa kilomita moja ya mraba. Konda ana haki ya kulalamika, si ndiyo?

Subirini kwanza. Tazameni mwendo wenyewe. Kati ya 2002 na 2012 Dar iliongeza watu karibu milioni 1.9. Kati ya 2012 na 2022 iliongeza kama milioni moja tu. Kasi ilishuka kutoka asilimia 5.6 kwa mwaka hadi asilimia 2.1, wakati nchi nzima ilikuwa inaongezeka kwa asilimia 3.2. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea mstari. Dar es Salaam, mji tunaousema kila siku kwamba watu hawaishi kuja, katika miaka hiyo kumi iliongezeka polepole kuliko nchi yenyewe! Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba ifikapo 2030 Dar itakuwa imepita watu milioni 10. Ukihesabu ndani ya mipaka ya mkoa peke yake, safari hiyo bado ni ndefu.

Sasa watu wamekwenda wapi? Geuza ukurasa, tazama Pwani. Mwaka 2012 mkoa huo ulikuwa na watu kama milioni 1.1. Mwaka 2022 ulikuwa na milioni 2 na ushee. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi! Hao si wakulima wa mihogo walioamua kuzaana ghafla. Wengi ni sisi. Ni wa Kibaha, wa Vikindu na Mkuranga, wa Kerege upande wa Bagamoyo, wa Kisarawe. Ni watu wa Dar waliosukumwa na kodi na bei za viwanja mpaka wakaanguka ng'ambo ya mpaka. Kila alfajiri tunaingia mjini, kila usiku tunatoka. Kwenye karatasi sisi ni wa mikoani, kwenye foleni sisi ni wa Dar.

Kwa hiyo tukisema mji umejaa, tunamaanisha nini hasa? Nyumba zetu nyingi bado ni za chini. Mkoa wa Mjini Magharibi kule Unguja unalingana na Dar kwa msongamano, na sijasikia mtu anasema Unguja mjini pafungwe. Kilichojaa Dar ni daladala, ni bomba la maji linalotoa siku mbili kwa wiki, ni darasa la mtoto, ni barabara moja inayobeba wote wanaotoka magharibi ya mji. Hivyo vyote vinajengwa na watu, vinapangwa na watu na vinacheleweshwa na watu. Yule mama wa Kigoma hakuhusika na hata kimoja. Lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu, ndiye aliyekuwa amechoka, ndiye asingeweza kujibu. Basi tukamtwisha.

Mchezo huu ni wa zamani wadau. Mji wenyewe ulianza kwa wageni. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, na Wazaramo na Washomvi ndio waliokuwa wenyeji, kabla ya Sultani Majid wa Zanzibar kuanza kujenga hapa miaka ya 1860. Wajerumani wakahamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, ile kambi ya wapagazi wao wa vita ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Wapagazi hao hawakuwa wazaliwa wa hapa, walikusanywa kutoka kila pembe. Yaani soko tunalojivunia limeitwa kwa jina la watu wa kuja.

Wakoloni wakaugawa mji: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mwafrika asiye na ajira alionekana mhuni, akakamatwa na kurudishwa kijijini kwao. Tukapata uhuru mwaka 1961, lakini tabia ile haikuondoka na bendera. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi. Waliozaliwa miaka ya karibuni pengine hawaijui. Ulikuwa ni msako wa wale walioitwa wazururaji. Usipoonyesha kitambulisho cha kazi, unapakiwa na kupelekwa shamba.

Baba mwenye nyumba wangu anaikumbuka vizuri. Yeye ni mtu wa Rufiji, alifika Dar mwaka 1979, na mwaka ule wa Nguvu Kazi alikuwa anauza kahawa na kashata Magomeni. "Wakaniuliza kazi yako nini? Nikawaonyesha birika. Wakasema hiyo si kazi." Akapandishwa kwenye lori pamoja na wenzake, wakashushwa kwenye kijiji ambacho hakuwa na ndugu hata mmoja. Nikamuuliza, ukafanyaje mzee? Akacheka mpaka akakohoa. "Nilikaa wiki tatu. Nikarudi, nikanunua birika lingine." Birika hilo lilimsomeshea watoto watatu, likamnunulia kiwanja hiki miaka ya tisini huku kukiwa pori. Leo nyumba yake ina wapangaji sita.

Na hao wapangaji? Jumapili iliyopita tulikuwa uani tunafua, nikawauliza mmoja mmoja. Dada muuguzi ni wa Tanga. Fundi aluminiamu ni wa Singida. Wale wanandoa wa chumba cha kona, mume wa Mbeya, mke wa Lindi. Kijana wa bodaboda ni wa Geita. Mwalimu ni wa Bukoba. Mimi Songea. Hakuna aliyezaliwa Dar hata mmoja! Nikauliza tena: kuna anayeona mji umejaa? Wote wakanyoosha mikono, mpaka yule wa Geita ambaye ana miezi mitano tu. Tukaangua kicheko. Lakini baadaye nilifikiri, kumbe ndivyo inavyokuwa. Kila mtu anahesabu mji umejaa kuanzia siku aliyoingia yeye.

Nisieleweke vibaya. Simo katika wale wanaosema kila kijana aache jembe akimbilie Kariakoo. Nimeona vijana wanalala watano chumba kimoja kwa zamu, na wenzao wanaowatumia picha nyumbani wakiwa wamesimama mbele ya magari ya watu. Nimeona wamachinga walivyohangaika mwaka 2021 walipoondolewa pembezoni mwa barabara, wakati miaka mitatu tu kabla walikuwa wamelipia vitambulisho vya shilingi 20,000 wakiambiwa sasa wanatambulika. Mji huu hauna huruma na asiye na mtu. Anayemwambia ndugu yake aje bila kumweleza hayo, anamdanganya.

Najua pia kuna mtu atasema: dawa ni kuendeleza mikoani ili watu wasije. Naunga mkono nusu ya kwanza. Serikali imehamia Dodoma, treni ya umeme inafika huko tangu 2024, na Mwanza, Mbeya, Arusha inakua. Safi sana. Kwetu Ruvuma mahindi yanakubali mpaka yanakosa pa kuwekwa. Tatizo ni bei. Unalima mwaka mzima, unanunua mbolea kwa mkopo, siku ya kuuza mnunuzi ndiye anayekupangia. Rekebisheni hilo na vijana wengi watabaki kwa hiari yao. Lakini ile nusu ya pili, "ili watu wasije," naikataa. Barabara inayopeleka mbolea Songea ndiyo inayomleta mdogo wangu Dar. Shule iliyomfundisha ramani ndiyo iliyomwonyesha bahari. Mtu akipata kidogo, anatafuta zaidi, na hilo si kosa. Watoto wa mawaziri wakienda kusoma na kufanya kazi London hatuwaambii London imejaa.

Tena si wote wanaoongezeka wanashuka Mbezi. Wengine wanazaliwa kila usiku Amana, Temeke na Mwananyamala. Hao nao tuwaambie warudi wapi?

Ninachosema leo ni hiki. Watu watakuja, kama alivyokuja mzee wa birika, kama nilivyokuja mimi. Msako wa 1983 haukuwazuia, na kejeli za konda hazitawazuia. Tunachoweza kuchagua ni kimoja: tuwatangulie au watukute. Kuwatangulia ni kupima viwanja kabla pori halijawa mtaa. Ni kupeleka maji, shule na mabasi Kibaha, Chamazi, Mkuranga na Kisarawe sasa hivi, wakati ardhi bado ipo, siyo baada ya miaka ishirini tuje tubomoe nyumba za watu kupitisha barabara. Ni Dar na Pwani kukaa meza moja, maana mji umeshavuka mpaka wakati mipango bado inasimama Kiluvya. Na kwa sisi raia wa kawaida, kuwatangulia ni jambo dogo tu: kumwonyesha mtu daladala la Maili Moja bila kumtukana.

Na haya maneno yetu nayo. "Mikoani." Dar si mkoa? "Wa kuja." Nani hakuja? Mji huu tumeuita Bongo kwa sababu kuishi hapa kunataka akili. Sasa akili gani hii ya mtu kusahau alikotoka kabla hata begi la kuazima hajalirudisha? (Langu bado ninalo. Mwenyewe anisamehe.)

Juzi nilimpigia mdogo wangu. Nikamwambia nisamehe, siku ile nilijibu kwa mdomo wa mtu mwingine. Akaniuliza mtu gani, nikamwambia tuachane na hayo. Nikamweleza ukweli wote, kwa hesabu. Chumba huku nje ni kiasi gani na kwa nini utaambiwa ulipe miezi sita. Dalali anakula kiasi gani. Nauli ya kwenda na kurudi mjini inamaliza kiasi gani cha mshahara kabla hujala. Kwamba miezi ya mwanzo unaweza usipate chochote, na usiku utamkumbuka mama mpaka ulie. Nikamwambia avune kwanza, auze, asimwachie mama deni la mbolea. Halafu akishajumlisha yote hayo, kama bado anataka kuja, aje.

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kwa hiyo haijajaa?"

Nikamwambia imejaa. Lakini chumba changu kina futi kumi kwa kumi, na nimelala upande mmoja tu.

Mama akachukua simu. Akanishukuru, akanipa pole za kazi, halafu akauliza kama naweza kumtumia kidogo, na niweke na ya kutolea. Nikatuma. Jumamosi nimepita Mlandizi kwa fundi, nikanunua godoro la pili. Atashuka Mbezi baada ya mavuno, na mimi nitakuwa stendi nimemsubiri. Konda akisema neno siku hiyo, tutaelewana.

Haya wadau, na wewe je? Ulishuka lini? Na kama hukushuka wewe, baba yako au bibi yako alishuka mwaka gani, akiwa amebeba nini? Ulizeni nyumbani. Majibu yatawashangaza.